Maharage ya Nyumba Mbili

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na pale nisipokuwa mzima nimeshazoea. Kalamu hii nimeazima kwa fundi viatu na anaitaka kabla ya mchana, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia, ni yeye ananikimbiza. Simu yako tangu iogelee kwenye ndoo ya samadi naona haijapata nafuu. Basi tuendelee na kondakta wa basi, ndiye mtandao wetu, na yeye hata chaji haishi.

Sasa sikiliza. Biashara zangu unazijua. Wiki iliyopita nilikuwa na kandambili, juzi vifuniko vya sufuria, jana mtu kaniuliza kama nina mguu wa kiti, nikampa. Hawaniiti Spea bure. Nyuma ya soko kuna zizi la ng'ombe wa maziwa, na mlima wa samadi umefika mpaka dirishani kwa tajiri mwenye zizi. Mke wake kasema achague, samadi au yeye. Tajiri kafikiria siku mbili, kisha katangaza anayetaka samadi achukue bure, na magunia anatoa yeye. Bure, dada. Mji huu hata kivuli unaambiwa nunua soda kwanza.

Mkamuaji wa pale ni rafiki yangu, nimemwambia asimpe mtu mwingine. Magunia arobaini. Lori la chumvi linarudi huko kwenu tupu mwanzoni mwa Machi, dereva nimeshamchekesha, kakubali. Si ulisema udongo wa shamba la shule umechoka kama soli ya kiatu changu? Basi dawa ndiyo hiyo.

Sema tu "leta".

Mdogo wako anayekupenda kuliko usingizi,
Spea


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika imenuka samaki wa abiria, lakini imefika.

Samadi tunaitaka. Tuko kina mama kumi na mmoja, na mbuzi wetu wote hata wakijikaza hawatoshi matuta mawili. Na mwaka huu si wa kuchezea. Mwalimu mkuu katuachia shamba la shule kwa sharti moja: tulishe jiko la shule maharage msimu mzima, kwa mbegu yetu na mboji yetu, bila dawa wala mbolea ya dukani. Tukishindwa, anarudi kwa yule mwenye tenda wa mjini na sisi shamba tunatoka. Watoto mia mbili, Spea. Maharage ya yule bwana yalikuwa na wadudu mpaka mpishi akasema siku hizo watoto wanakula nyama.

Ila samadi ya zizi nisilolijua siimwagi shambani bila kikombe. Ulimwona mama akifanya. Chukua vikombe viwili vibovu, vitoboe chini. Kimoja tia nusu samadi nusu udongo, kingine udongo mtupu. Panda punje tano kila kimoja, mwagia maji, ngoja wiki tatu. Miche ikiota sawa, samadi ni salama. Ya kwenye samadi ikijikunja, samadi iache huko huko hata wakulipe uchukue. Ningepima mwenyewe, lakini kondakta kakataa kubeba hata kifuko, anasema abiria watashuka. Na lori likifika, mvua nayo itakuwa imefika.

Punje za kupimia toa kwenye kopo la mama. Kumi tu, mama atasamehe. Unakumbuka alivyokugawia ulipoondoka, nusu kwangu nusu kwako, akasema mbegu hailali nyumba moja. Maharage yale ndiyo yaliyotulisha mwaka ule mvua ilipokata wiki tatu na ya watu wote yakakauka.

Ukiniambia kikombe kimekubali, nusu yangu naipanda yote, sibakizi hata punje. Jiko la shule ni kubwa. Na nusu nyingine najua iko juu ya kabati lako.

Jirani yangu Mama Pacha anakusalimu. Anasema kandambili ulizomuuzia bado anazo, zote mbili za mguu wa kushoto.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama Pacha kandambili za kushoto ndizo zinazodumu, kwa sababu hata mwizi hazitaki.

Habari ya vikombe sasa. Dada, kumi kwa kumi. Yameota yamesimama kama askari wanaosubiri mshahara. Nilivipanga dirishani, kila asubuhi navisalimia, mwenye nyumba kaniuliza kama nimeoa. Majani mapana, ya kijani, hakuna aliyejikunja wala aliyekohoa.

Magunia arobaini nimeyapakia leo kwa mikono hii, mgongo unalia. Dereva anasema lori lake halitanukia chumvi tena maisha. Pandeni bila wasiwasi.

Kopo lipo. Juu ya kabati, pale pale.

Mdogo wako mkulima wa dirishani,
Spea


12 Aprili

Mdogo wangu,

Kuna kitu shambani.

Maharage yaliota vizuri siku za kwanza. Jani la tatu likatoka limejikunja. Nikadhani ni jua. Sasa kila jani jipya linatoka limefumbwa kama ngumi ya mtoto mchanga, shina linajipinda, halipandi juu. Nyanya za pembeni hivyo hivyo. Mahindi yaliyo kwenye matuta hayo hayo ni mazima kabisa, yananicheka.

Nilikaa chini nikafungua jani moja kwa vidole. Ndani hakuna mdudu. Hakuna kitu.

Kina mama wanasema ni dawa. Mume wa Mama Pacha anapiga dawa ya magugu kwenye mahindi yake, na shamba lake limepakana na letu. Mimi siku aliyopiga nilikuwepo na upepo sikuuona. Lakini samadi ulipima. Mbegu ni ya mama. Maji ni yale yale ya kisima. Nikitoa yote hayo, kinachobaki ni jirani.

Wewe unakutana na watu wengi. Umewahi kusikia kitu kama hiki?

Dada yako


18 Aprili
(haikutumwa)

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mimi sikupima. Vikombe havikuwepo. Dirisha lenyewe halipo, chumba changu kina tundu la feni isiyokuwepo.

Maharage ya mama nilishayala. Mwaka mmoja niliumwa homa, siku ya nne sijauza kitu, nikachemsha kikombe kimoja. Nikasema nitarudishia. Kesho yake kikombe kingine. Mtu akila kidogo kidogo hasikii kama anamaliza. Siku kopo lilipoisha nililicheka, nikatia misumari.

Ningeweza kununua punje kumi dukani nikapima. Najua utauliza hilo. Lakini uliposema kopo la mama, mimi sikutaka kulifikiria kopo, na nikikwepa kitu nakikwepa na vilivyo karibu yake.

Jana nilikwenda kwa mkamuaji. Anasema nyasi za ng'ombe wananunua kwa mtu anayepiga dawa ya magugu shambani kwake. Ng'ombe hadhuriki. Dawa inapita tumboni kama abiria, inashuka na samadi, inakaa. Nyasi na mahindi haiyagusi. Maharage inayavunja. Kasema siku tunapakia alinionyesha mche wa boga ulioota pembeni ya mlima wa samadi, umejikunja kama ngumi. Na kweli alinionyesha. Nilimwambia huyo boga anataka kugombana. Tukacheka wote wawili.

Nitakuandikia tena. Hii siwezi kumpa kondakta.


20 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole.

Nimeuliza watu wanaojua. Dawa ya magugu kweli inaruka. Upepo si lazima uusikie, kuna upepo wa chini chini, unatembea kama mdaiwa. Inawezekana kabisa ni mambo ya jirani. Sisemi ni yeye, nasema inawezekana.

Samadi ingekuwa mbaya si na vikombe vyangu vingejikunja? Mwagieni maji mengi. Labda yatanyooka. Mmea ni kama mtu, ukibembelezwa unajirudi.

Nakutumia sabuni mbili na kanga. Usiulize nimezipata wapi, zimepatikana kihalali, karibu.

Mdogo wako,
Spea


9 Mei

Mdogo wangu,

Tumeng'oa yote. Siku nzima, kina mama kumi, hakuna aliyeimba. Niliyakusanya nikayapanga ukingoni, nikatafuta hata mche mmoja wenye ganda. Haukuwepo.

Nimesema kumi kwa sababu Mama Pacha hayupo tena kikundini. Niliwasomea barua yako. Nilitaka wasikie ile "sisemi ni yeye", lakini watu walisikia "inawezekana". Mmoja akamuuliza mbele ya wote, "Mumeo anapiga sumu, wewe unakuja kukaa na sisi kama nani?" Akasema mume wake hakupiga siku ya upepo. Wakamwambia apime maneno yake. Akanitazama mimi. Tumepanda pamoja miaka sita, Spea, alimwosha mama alipofariki. Mimi nikatazama jembe langu.

Tuta lake wamegawana. Wiki iliyofuata mapacha walipigwa mawe njiani kutoka shule. Wamehamia, wote wanne, kwa kaka yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Mwalimu mkuu katupa msimu mmoja zaidi. Tutalima chini, bondeni karibu na mto, tutamwagia kwa ndoo. Huko samadi haikufika, gunia moja lililobaki liko stoo.

Sasa kopo. Mpe kondakta, lote. Yafunge vizuri, ni yote tuliyonayo duniani. Niliwaambia kina mama nyumba ya pili ipo. Mmoja wao alilia kwa furaha, mtu mzima, akafuta kamasi kwa kanga yako.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Maharage hayo hapo, yako kwenye mfuko wa kitambaa nimeushona mara mbili. Nimeyapepeta, nimeyapangusa vumbi, moja moja kama mayai. Mekundu yenye doa jeupe kitovuni, kama mama alivyotuachia. Kopo nimebaki nalo, limeshika kutu, nitalitunza kama kumbukumbu.

Mengi kuliko unavyokumbuka? Ni kwa sababu mimi mla kidogo.

Habari ya Mama Pacha imenikaa kifuani. Labda mngemwita, mkaongea. Watu huwa wanakosea.

Mdogo wako,
Spea


14 Julai

Mdogo wangu,

Yametoa maua. Meupe.

Nilikwenda alfajiri kuvuta maji nikayaona kutoka mbali, nikadhani ni umande. Maua ya mama ni ya zambarau. Wewe ulikuwa unayachuma unajichomeka puani kuwachekesha watu, ukachapwa, kwa hiyo unajua. Nimetembea tuta zima mpaka mwisho. Yote meupe. Na saa sita jua likikaza yanalala chini kama nguo zilizoanguka kambani. Ya mama hayakuwahi kulala.

Bibi wa kikundi, yule mkubwa wetu, alisimama kando yangu akayatazama muda mrefu. Kisha akainama akaanza kupalilia. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Kwa hiyo sasa na mimi ni mwongo.

Kisha nikakumbuka lile gunia la stoo. Nikachukua vikombe viwili, punje tano tano, za hayo hayo maharage yako. Nimengoja wiki tatu bila kumwambia mtu. Cha udongo mtupu yamesimama. Cha samadi yamejikunja ngumi, yote matano. Viko dirishani hapa ninapoandika. Mimi dirisha ninalo.

Nina maswali mawili. Ulipima? Na kopo la mama lina nini ndani?

Usinichekeshe.

Dada yako


23 Julai

Dada,

Shikamoo.

Sikupima.

Kopo lina misumari. Maharage niliyala mwaka wa homa, hukujua kama niliumwa kwa sababu nilikuandikia nimenenepa. Hayo ya maua meupe nilinunua sokoni kwa mama mmoja mwenye magunia saba. Nilichagua kutwa nzima yanayofanana. Nilichagua vizuri, sikujua kama ua nalo linasema.

Samadi ina dawa ya magugu, imetoka kwenye nyasi za ng'ombe. Mkamuaji anasema udongo utakaa nayo mwaka, labda miwili. Nilijua tangu Aprili. Siku ile ninakuandikia habari ya upepo, nilikuwa nimeshajua siku tatu. Kulikuwa na barua nyingine, naiweka humu, ina tarehe yake.

Hapa ningetia utani. Nimeanza mara tatu, nimefuta.

Nitakuja. Nitasimama mbele ya kina mama niseme. Nitakwenda kwa Mama Pacha kwa magoti nikiambiwa. Na huenda ana mbegu, dada. Nimekumbuka. Mapacha walipozaliwa mama alimpelekea nusu kikombe cha maharage yale, mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimu, ndiye niliyebeba. Alisema ni nyumba ya tatu. Sikuwahi kukwambia kwa sababu sikuona kama ni habari. Mwulize. Huenda ipo.

Mdogo wako


19 Agosti

Mdogo wangu,

Usije.

Barua zako zote mbili nimewasomea kina mama, ile ya Aprili na hii. Nilisoma mpaka mwisho, na habari yangu ya kuficha maua nikaisema kwa mdomo. Uenyekiti nimeuweka chini, hakuna aliyeuokota.

Mwalimu mkuu alikuja bondeni akavunja ganda moja, akahesabu punje mbili. Alikuwa na adabu. Shamba amechukua, tenda amemrudishia yule wa mjini. Jana nimepita jikoni shuleni. Watoto wanakula nyama tena.

Kwa Mama Pacha nimekwenda. Nilitoka alfajiri nikafika jua linazama. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nilimwambia yote, habari ya samadi, ya kikombe, ya kopo. Alisikiliza huku anachambua mchicha. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama mapacha wakirudi shule watapigwa tena mawe. Nikasema hapana. Akasema, "Nani kakwambia?"

Nikamwambia na habari ya nusu kikombe. Nilikuwa naona haya mpaka shingo inauma, lakini niliuliza, kwa sababu hakuna nyumba nyingine ya kuuliza.

Alikuwa nayo. Kila mwaka alipanda tuta dogo nyuma ya choo, akavuna, akatunza, kimya kimya, kama mama alivyomwagiza. Aliichemsha asubuhi ile ya kuhama. Hakukuwa na kitu kingine ndani na watoto walikuwa na safari ya kutwa. Anasema kuni zilikuwa mbichi, hayakuiva vizuri, wakayala hivyo hivyo njiani.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunipa mkono.

Kina mama wawili wamebaki na mimi. Tunapima matuta ya shambani kwangu, maana nako nilimwaga magunia machache, kikombe kwa kikombe, tujue sumu imefika wapi. Mahali ilipofika tutapanda mtama, huo haiugusi. Maharage tutayatafuta, ya watu wengine, tutayazoea.

Kopo la mama mpe kondakta. Misumari toa. Usitie kitu ndani.

Dada yako